Sentensi Aliyoificha Raiya

"Rudia hapo," Mama Kabibi alisema.

Jefwa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha kamba, nje ya nyumba yao ya Jilore, karatasi zimejaa mapajani. Tangu asubuhi alikuwa akimsomea mama yake kitabu alichokiandika yeye mwenyewe, ila safari hii alikuwa anakisoma kutoka kwa Kiingereza. Raiya alikuwa amemaliza kukitafsiri na kumtumia akipitie kabla hakijapelekwa kwa wachapishaji wa ng'ambo. Mama hakujua Kiingereza, kwa hiyo Jefwa alisoma mstari, akaugeuza kwa Kigiriama, kisha akaendelea na mwingine.

"Nirudie wapi?"

"Hapo pa Mikanjuni."

Jefwa aliutafuta mstari kwa kidole. "Tulihama Mikanjuni mwezi wa mvua, mimi nikiwa na miaka sita."

"Nani alihama?"

"Sisi."

Mama aliweka chini ungo wa kunde. "Sisi hatukuhama. Mtu anayehama hufunga mizigo yake, akaagana na majirani. Mimi nilitoka nimekushika mkono, na sufuria moja kichwani. Ndivyo ulivyoandika wewe?"

"Sikuandika hivyo, mama."

Aliingia ndani akatoka na kitabu chake cha Kiswahili. Ukurasa wa hamsini na mbili ulisema wazi: walitutoa Mikanjuni. Chini yake palikuwa na maneno ya mwenye shamba, aliyowaambia watu waliokuwa wanalia: "Ardhi hii ina karatasi. Nyinyi mna miguu." Jefwa alirudi kwenye Kiingereza, akapekua ukurasa huo, uliotangulia na uliofuata. Maneno ya mwenye shamba hayakuwepo popote.

Akachukua simu.

"Raiya, sura ya nne. Nani alikwambia tulihama?"

"Salaam aleikum kwanza, Jefwa."

"Waaleikum salaam. Nani alikwambia tulihama?"

"Ni mambo ya lugha tu. Kwa Kiswahili ukisema 'walitutoa', msomaji anaendelea na safari yake. Kwa Kiingereza atasimama aulize, kina nani hao?"

"Kiingereza nacho kina neno la 'wao'. Nalifundisha kila siku."

"Unasoma neno kwa neno. Mimi naangalia mdundo wa ukurasa mzima."

"Na ile sentensi ya mwenye shamba iko wapi?"

"Ipi?"

"Unaijua."

Jefwa alisikia hatua zake. Raiya hakuweza kuzungumza na simu akiwa ameketi, na siku hiyo alikuwa anatembea kwa kasi, kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi.

"Haikuingia vizuri," alisema mwishowe. "Niliijaribu mara kumi. Ilitoka kama mzaha."

"Kiingereza kina ardhi, kina karatasi, kina miguu. Ni neno gani lililokushinda?"

"Kesho nina darasa Kilifi. Tuonane Mnarani saa nne, nikitoka."

Akakata.

Walijuana mwaka wa tatu sasa, tangu semina ya waandishi huko Kilifi. Raiya alikuwa mwalimu wa lugha chuoni, binti wa familia kongwe ya Malindi, na Jefwa mwalimu wa shule ya msingi Jilore aliyekuwa na kitabu kimoja kilichouzwa nakala mia mbili. Raiya alikisoma kwa siku moja, akamwandikia: "Nataka kukitafsiri. Nikikosea utanirekebisha?" Miezi kumi na minne ya kukitafsiri ndiyo iliyowakutanisha hasa. Walibishana juu ya neno moja wiki nzima. Siku waliyoshindwa kupata Kiingereza cha "shikamoo" ndiyo siku Jefwa alimwambia kwamba anampenda. Dini haikuwa kikwazo, kwani Jefwa alisilimu akiwa sekondari, ingawa jina la babu yake hakuliacha. Walikubaliana tafsiri ikishapelekwa, posa itafuata. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Siku ya pili Jefwa alifika Mnarani saa tatu na nusu. Raiya alifika saa nne na robo, buibui limejaa vumbi, mkoba bado begani. Hakutaka kuketi. Walizunguka kuta za msikiti wa zamani mara mbili.

"Nitakwambia," Raiya alisema. "Lakini usinikatize."

"Sikukatizi."

"Ile sentensi sikuitoa kwa sababu ya lugha. Niliijua kabla sijakijua kitabu chako. Nyumbani kwetu husemwa tangu mimi mdogo. Mtu akichelewa kuondoka, anaambiwa, sisi tuna karatasi, wewe una miguu, na watu wanacheka. Mimi nami nimecheka. Sikujua ilitoka wapi. Nilipofika sura ya nne nikaiona, nilifunga kompyuta. Mwenye shamba wako ni babu yangu, Jefwa. Mzee Faris. Mikanjuni lilikuwa shamba lake."

Jefwa alitazama chini. "Najua."

"Unajua nini?"

"Najua ni babu yako."

Raiya akasimama. "Tangu lini?"

"Tangu Idi, nilipokuja kwenu kula. Picha yake iko ukumbini, juu ya redio. Uso ule nilikuwa nauona tangu nina miaka sita."

"Idi ina miezi saba."

"Ndiyo."

"Miezi saba unanijua mimi ni nani, unanitazama nafika sura ya nne, na hukusema?"

"Nilitaka kuona utaitafsiri vipi."

Hakuwa amekusudia kuyasema kwa namna hiyo. Aliyasikia yakitoka, akatamani ayarudishe.

"Ulinitega," Raiya alisema taratibu.

"Nilikuamini. Nilisema, akiiandika kama ilivyo, basi hakuna kitakachotushinda tena."

"Na nisipoiandika?"

Jefwa aligeuzia uso kwenye kuta za msikiti.

"Mimi nimekosa, nakubali. Niliitoa sentensi yako kwa kumwonea haya baba yangu. Lakini mimi nilikuwa naogopa. Wewe ulikaa ukasubiri nianguke, huku ukiniita mpenzi."

"Raiya."

"Usinifuate."

Aliondoka kwa haraka kuelekea barabarani, na hakugeuka.

Siku tatu zilizofuata simu ya Raiya haikutulia kwa meseji za Jefwa.

"Raiya pokea simu."

"Sikukutega."

"Labda nilikutega. Sijui. Pokea simu tuzungumze."

"Mama anauliza mbona sili."

Raiya alizisoma zote na hakujibu hata moja. Alikuwa anafungua sura ya nne, anaifunga. Anashuka jikoni kumsaidia mama yake, anasahau alichofuata, anapanda tena. Siku ya nne ikaja barua pepe ya Viola, mhariri wa kule ng'ambo, akimkumbusha kwamba siku zinakwisha, na kumwuliza kama kuna tatizo lolote. Raiya aliandika "hakuna", akalifuta, akashuka chini.

Ilikuwa baada ya alasiri. Mzee Abubakr, baba yake, alikuwa sebuleni na kikombe cha kahawa, miwani juu ya paji la uso. Mama yake, Bi Mwanamina, alikuwa anashona upindo wa kanzu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeshuka."

"Nina kitu nataka kukusomea."

Alisoma sura nzima, kwa Kiswahili cha Jefwa. Alisoma matingatinga yalivyoingia shambani, watu walivyotoa vitanda nje, na mwenye shamba alivyosimama juu ya gogo akasema maneno yake. Alipofika hapo, sindano ya Bi Mwanamina ilisimama. Mzee Abubakr hakutikisika. Raiya akafunga kitabu.

"Ni babu," alisema.

"Ni yeye," baba yake alijibu. "Aliyeandika ni nani?"

"Jefwa."

"Yule aliyekuja Idi?"

"Yeye. Alikuwepo siku hiyo. Alikuwa mtoto."

Mzee Abubakr aliweka kikombe. "Basi hakuandika yote."

"Yapi yamebaki?"

"Yaache, Raiya."

"Yapi, baba?"

Alinyanyuka akaenda dirishani, akarudi, akaketi kiti kingine. Raiya alijua alikorithi miguu isiyotulia.

"Babu yako hakujua Kiingereza," alisema. "Alisoma chuo cha Kurani, akajua hesabu na Kiarabu. Amri ya mahakama ilikuja kwa Kiingereza. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Akaniambia, twende ukawasomee. Nikasimama mbele ya watu wale, karatasi mkononi, nikawageuzia kwa Kiswahili, mstari kwa mstari."

"Kisha?"

"Iliandikwa kwamba wapewe siku tisini."

Bi Mwanamina aliweka nguo kando.

"Siku tisini wavune, watafute pa kwenda, ndipo watoke," Mzee Abubakr aliendelea. "Matingatinga yalikuwa yamekodiwa, yamekwisha fika. Babu yako akaniinamia sikioni akasema, waambie leo. Nikawaambia, mahakama imesema mtoke leo. Hapakuwa na mtu mwingine pale aliyeweza kuisoma ile karatasi. Waliniamini mimi."

Raiya akaketi sakafuni pale pale.

"Mama, ulijua?"

"Sikujua neno," Bi Mwanamina alisema. "Nilijua tu kwamba baba yako hapiti njia ya Mikanjuni. Twende harusi, twende maziko, yeye huzunguka. Miaka thelathini nimekaa garini najiuliza anazunguka nini."

"Raiya," baba yake alisema, "hili lisitoke humu ndani. Usimwambie."

"Nilishaficha sentensi moja, baba. Sitaficha ya pili."

"Utaniaibisha mimi, baba yako."

"Siwezi kuolewa na mtu huku najua jambo la mama yake ambalo yeye mwenyewe halijui. Ukienda wewe, utasema kwa kinywa chako. Nikienda mimi nitaligeuza, sijui nitaligeuza vipi. Hata sasa natafuta namna ya kulisema likuumize kidogo."

Mzee Abubakr alishusha miwani usoni, akaipandisha tena. Kahawa ilipoa.

"Nenda, Abubakr," Bi Mwanamina alisema. "Umeshachoka kuzunguka."

Ijumaa, baada ya swala, Raiya alimpigia Jefwa.

"Raiya," Jefwa alisema. "Nisamehe. Ulilolisema Mnarani ni kweli. Nilikuweka kwenye mtihani bila kukwambia, na mimi nilikuwa nimekalia majibu."

"Nimekusikia. Hayo tutayamaliza sisi wawili. Sasa hivi niko njiani nakuja Jilore na baba. Mwambie mama kuna mtu ana maneno yake."

"Maneno gani?"

"Si yangu mimi kuyasema."

Mama Kabibi aliwapokea uani. Alimtazama Mzee Abubakr muda mrefu kabla hajaitikia salamu yake. Jefwa alileta viti. Mzee Abubakr hakuketi. Alitoa bahasha mfukoni mwa kanzu, na ndani yake karatasi iliyokunjwa ikageuka rangi ya chai.

"Unanikumbuka, mama?"

"Nakukumbuka. Wewe ndiye uliyetusomea."

"Nimekuja kuisoma tena. Mara ile sikuisoma sawa."

Aliisoma kwa Kiingereza kwanza, kwa sauti iliyokuwa inatetemeka, kisha akaigeuza. Alipofika kwenye siku tisini alizitamka wazi. Kisha akaeleza alichowaambia badala yake, na nani alimwambia aseme. Hakumtupia marehemu mzigo wote. "Ulimi ulikuwa wangu," alisema.

Jefwa alikuwa ameishika nguzo ya mlango. Raiya alimwona akifumba macho. Mama Kabibi hakulia. Alikuwa anahesabu kwa vidole, midomo inacheza.

"Yale mahindi yangevunwa," alisema. "Yalikuwa na miezi miwili. Yangevunwa na siku zikabaki."

"Poleni sana, mama."

"Pole?" Mama Kabibi aliinua uso. "Pole anaambiwa mtu aliyeangukiwa na mti. Wewe ndiye uliyekuwa mti."

Mzee Abubakr alipiga magoti mavumbini, kanzu nyeupe na yote. "Nisamehe. Nilikudhulumu. Nisamehe."

"Hilo ndilo neno lake," mama alisema. "Sasa nami nipe muda wangu. Siku tisini. Zikiisha nitakujibu."

Akaingia ndani, akafunga mlango wa fito.

Raiya alimwandikia Viola siku hiyo hiyo kwamba sentensi moja iliyokosekana imerudi, na kwamba mwandishi anataka kuongeza sura. Viola aliwapa wiki tatu zaidi. Hapo ndipo ugomvi mwingine ulipoanza.

"Weka tu hizo siku tisini kwenye Kiingereza," Jefwa alimwambia. Walikuwa wameketi mgahawani Malindi, karatasi zimetapakaa mezani kati ya vikombe.

"Siwezi."

"Kwa nini? Ni kweli."

"Hazimo kwenye kitabu chako. Nilitoa kilichokuwemo, ona kilichotupata. Siwezi sasa kutia kisichokuwemo, hata kikiwa kweli. Andika kwanza kwa Kiswahili. Mimi nitafuata."

"Nikiandika, baba yako ataonekana na dunia nzima."

"Nimemwuliza. Amesema uandike, ila usimbadilishe sauti."

Jefwa alimtazama. "Na wewe? Utaweza kuitafsiri?"

"Safari hii utakaa pembeni yangu. Hakuna kungoja nianguke. Ukiona natetereka, sema."

"Nitasema."

Aliandika sura hiyo kwa siku nne, na Raiya akaitafsiri kwa kumi. Tatu kati ya hizo zilikwisha kwenye sehemu moja tu, pale Mzee Abubakr aliposema pole na Mama Kabibi akaikataa. Kiingereza kilikuwa na neno moja kwa yote mawili, la kumfariji aliyepatwa na la kuomba radhi ya uliyemdhulumu. Ukiliandika, mama anaonekana amekataa kitu kile kile alichokikubali mstari unaofuata. Raiya alijaribu maelezo chini ya ukurasa, akayafuta. Alijaribu kuongeza sentensi ya kufafanua, Jefwa akatikisa kichwa.

"Mama hakufafanua," alisema.

"Najua. Inanikera kwa sababu najua."

Mwisho waliliacha neno la "pole" kama lilivyo, kwa Kiswahili, katikati ya Kiingereza. Viola aliuliza kama msomaji wa kule ataelewa. Raiya alijibu kwamba ataelewa mama atakapolikataa. Siku mbili baadaye Viola akaandika kwamba amekubali.

Tafsiri ikaenda. Posa haikwenda. Jefwa hakuweza kumpeleka mjumbe Malindi kabla mama yake hajasema neno, na mama alikuwa hasemi. Alilima, alipika, alikwenda mazishini na kurudi. Raiya alikuwa akija Jilore kila Jumamosi, wanachambua kunde pamoja, na habari ya Mikanjuni haikutajwa. Jefwa alikuwa hatulii. Akiwa darasani anaandika tarehe ubaoni, anaisahau nusu, wanafunzi wanamkumbusha. Mzee Abubakr alikonda. Bi Mwanamina aliweka alama kwenye kalenda ya jikoni na hakumwambia mtu anahesabu nini.

Siku ya tisini na moja, saa mbili asubuhi, Jefwa alimpigia Raiya.

"Mama anamtaka baba. Aje na gari."

"Amesema nini?"

"Hajasema. Amevaa nguo ya kutokea."

Walipofika, Mama Kabibi aliingia kiti cha mbele bila kuombwa. Jefwa na Raiya wakakaa nyuma.

"Nipeleke Mikanjuni," alimwambia Mzee Abubakr. "Mume wangu alifariki kabla ya siku ile, tulimzika kule. Mlipotutoa, nilimwacha. Mmetia uzio, sijamwona tena."

Mzee Abubakr aliwasha gari. Hakuzunguka. Alipita njia ile ile aliyoikwepa miaka thelathini, akafungua lango mwenyewe. Mikanju ilikuwa imezeeka na majani yamefika kiunoni. Mama Kabibi alitembea mbele yao kama mtu anayekwenda chumba cha pili cha nyumba yake, akahesabu miti, akasimama mahali pasipokuwa na alama yoyote. Mzee Abubakr alivua viatu, akainama, akaanza kung'oa majani kwa mikono. Jefwa akamfuata. Walifanya kazi hiyo hadi adhuhuri, mahali pale pakawa peupe, na mama akaketi pembeni akazungumza na mumewe Kigiriama kwa sauti ya chini. Hakuna aliyemtafsiria mwingine.

Alipomaliza alimwita Mzee Abubakr.

"Sijui kama nimekusamehe. Nitajua nikija hapa tena bila kukuomba ufunguo."

Mzee Abubakr alichomoa ufunguo wa lango kwenye shada lake, akamkabidhi. "Na kipande hiki, kuanzia hapa mpaka ule mkanju wa tatu, nitakiandika kwa jina lako. Wiki ijayo, mbele ya mashahidi. Jefwa atakusomea kabla hujatia kidole."

"Atanisomea Raiya," mama alisema.

Raiya alitazama pembeni kuficha uso wake.

Posa ikapelekwa, na nikaha ikasomwa Jilore mwezi uliofuata, Ijumaa. Mzee Abubakr alimwozesha binti yake kwa kinywa chake mwenyewe, na sauti haikutetemeka. Bi Mwanamina alikuja na wanawake wa Malindi magari mawili, mapambo na manukato, na hadi alasiri walikuwa wameshajifunza nyimbo mbili za Kigiriama na kuzikosea zote mbili. Jefwa alipoingia kumshika mkono mkewe alimkuta amesimama dirishani.

"Bado hutulii?" alimwuliza.

"Nilikuwa nakungoja," Raiya alisema, akaketi.

Jefwa akaketi karibu yake. Mama Kabibi aliwaletea sinia la wali yeye mwenyewe, akaliweka kati yao, akawaambia wale kabla haujapoa.